Mlango Ulio Wazi Mchana

Tishri 24

Kaka yangu Menahemu kavunja mtungi, ule mkubwa wa marehemu mama. Nikamuuliza, akasema umejivunja. Vitu vya nyumba hii vina tabia ya kujivunja vyenyewe kila akipita yeye. Nimeokota vigae vyote nikavipandisha kwenye chumba changu cha juu, maana kigae laini kinaandikika, na masizi ya taa nikiyakoroga na utomvu nina wino. Marehemu mume wangu alikuwa mwandishi wa mikataba sokoni Seforisi. Hakuniachia mtoto wala shamba, aliniachia herufi. Basi msimu huu wa zeituni nitauandika, kuanzia mwezi huu wa Tishri. Siku ndogo nitaiweka kwenye kigae kidogo. Vile vikubwa, Mungu ajalie visitumike.

Ni msimu wa harusi. Shelamsi, binti wa Menahemu, anaolewa. Mama yake alifariki mtoto akiwa bado ananyonya, kwa hiyo nimemlea mimi, shangazi yake, na ukali wote alio nao kautoa kwangu. Posa ilifungwa wakati wa mavuno ya shayiri, na kwetu posa ni ndoa tayari, kilichobaki ni kuhamia tu. Zeituni zikiisha kukamuliwa, anahamia kwa Yakimu. Yakimu ni mchonga mawe, mpole, ana vumbi jeupe mpaka kwenye kope. Lakini ukoo wao ni wa makuhani, na mama yake haachi siku ipite bila kutukumbusha.

"Kwetu sisi mwanamke aliyepewa talaka haingii," aliniambia jana kisimani. "Hata awe malkia. Hata awe kaachwa na huyo huyo mume, kurudi hakuna. Mjane, sawa. Aliyeachwa, hapana."

Nikamwambia, "Basi Mama Yakimu nitafutie kuhani mmoja aliyechakaa, mimi ni mjane safi kabisa."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Simpendi sana mwanamke yule, lakini kucheka anajua.

Tishri 27

Kigae kikubwa, na msimu haujaanza.

Asubuhi nilikuwa nampaka Shelamsi mafuta mgongoni. Nywele kanishikia juu mwenyewe, anapiga domo kuhusu shela. Nikaona chini ya bega la kushoto doa jeupe, ukubwa wa jani la mzeituni. Nikalisugua nikidhani ni unga. Halikutoka.

"Hili lina muda gani?"

Akanyamaza. Shelamsi hanyamazi hata akiwa na mkate mdomoni.

"Tangu mavuno ya mwisho ya zabibu," akasema.

"Tangu zabibu! Na hukusema?"

"Niseme nini, Shangazi? Wewe ungesema?"

Nisingesema. Ndiyo kweli yenyewe. Mtu akiwa na doa la namna hiyo anapelekwa kwa kuhani aangaliwe, na kuhani akisema ni ukoma, basi anaishi nje ya kijiji, nguo zimeraruliwa, anapiga kelele njiani kwamba yeye ni najisi ili watu wampishe. Nimemwona mmoja nilipokuwa mdogo. Mama yake alikuwa akimwachia mkate juu ya jiwe.

Na sisi ni nyumba ya kinu cha mafuta. Watu wa vijiji vyote hivi wanaleta zeituni kwa Menahemu kwa sababu mafuta yake ni safi kisheria, mtu anaweza kuyapeleka hata kwa makuhani. Najisi akiwa ndani ya nyumba hii, kila tone limeharibika.

Tumekubaliana hamna wa kuambiwa, hata baba yake. Nimezaliwa hapa, kuficha nakujua. Ukweli ni wa watu wa ndani. Jirani anapewa tabasamu na sahani ya tini, na hata yeye ndivyo anavyotupa sisi, wala hakuna anayemlaumu mwenzake.

Nilipotoka nikajifanya napepeta dengu.

Marheshwani 2

Mvua ya kwanza. Menahemu kasimama uani mdomo wazi kama kinda.

Marheshwani 6

Leo ilikuwa jioni ya birika. Wanawake wa kijiji wote huzama kwenye birika la utakaso wakimaliza siku zao za mwezi, na hakuna anayezama peke yake. Lazima mwenzake asimame ngazini aone nywele zote zimeingia majini, aseme "nimeona." Msichana akishaposwa, anayemsimamia ni mama mkwe. Ndiyo desturi ya hapa, na nimeilaani leo kutwa.

Nilimwambia Mama Yakimu, "Shelamsi ana homa, hawezi maji ya baridi."

"Masikini mwanangu! Tangu lini?"

"Tangu juzi."

Kabla jua halijazama alikuwa mlangoni na bakuli la mchuzi wa vitunguu saumu, umefunikwa kwa kitambaa chake kizuri. Shelamsi alijilaza, akakohoa vizuri sana, akanywa wote. Mama Yakimu akamshika paji la uso. "Mbona hana joto?" Nikasema imeshuka sasa hivi. Akashukuru Mungu.

Nilijiona hodari. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo nilivyojiona.

Marheshwani 11

Zeituni. Mgongo.

Marheshwani 12

Zeituni. Mgongo wangu na wa punda, na yeye angalau hapiki.

Marheshwani 17

Leo kapita mwuza samaki wa chumvi kutoka Magdala, akaketi kinuni kula mkate wetu, akalipa kwa habari. Eti kando ya ziwa kuna mtu anawashika wenye ukoma kwa mkono wake, na wanatakata. Halafu anawakemea wasimwambie mtu yeyote, waende tu kwa kuhani wakaangaliwe.

"Sasa kama ni siri wewe umejuaje?" akauliza mmoja wa wakamuaji.

"Aliyeponywa si ndiye anayezunguka soko zima anatangaza!"

Wanaume wakacheka mpaka gogo la kukamulia likaachiwa. Menahemu peke yake hakucheka. Akasema, "Huyo mtu ana akili. Ukifanya kubwa, lifiche. Watu wakikuona unapanda, watakushusha." Nilimtazama kaka yangu nikawaza, na wewe ungejua kilichofichwa chini ya paa lako.

Shelamsi alikuwa anachambua majani kwenye kapu. Mikono ilisimama. Tulipokuwa tunapanda ngazi akaninong'oneza, "Hata huyo anasema waende kwa kuhani."

"Huyo hakai kijijini kwetu," nikamjibu.

Marheshwani 23

Doa ni lile lile. Nalipima kwa jani la mzeituni. Kuna siku naona limezidi jani, kuna siku jani limelizidi, ni kwa namna moyo wangu ulivyo.

Leo Shelamsi amesimama mbele yangu, mikono kiunoni kama mimi. "Shangazi, twende kwa Mzee Yedaya. Aniangalie. Akisema ni najisi nijue. Akisema si najisi nilale."

Mzee Yedaya ndiye kuhani anayeangalia ngozi upande huu wote, anakaa kijiji cha bondeni. Pia ni baba mkubwa wa Yakimu.

"Umerogwa? Kwenda kwa Yedaya ni kwenda kwa wakwe zako ukiwa umebeba aibu kichwani. Kabla hatujafika njia panda Mama Yakimu atakuwa ameshajua."

"Si watakuwa watu wangu?"

"Watakuwa. Bado hawajawa. Ukishahamia, ukishamzalia Yakimu mtoto, doa ni siri ya nyumba yao, watalificha wenyewe. Vumilia mpaka zeituni ziishe."

"Haya, Shangazi," akasema. Hajawahi kunitii haraka hivyo, na sikupenda.

Marheshwani 28

Nimefanya upumbavu. Nilifunga mlango mchana.

Hapa mlango hufunguliwa jua likichomoza na hufungwa likizama. Katikati yake kila mtu anaingia, kuku wanaingia, mwenye kuomba moto anaingia. Ukifunga, watu wanasimama njiani wanajiuliza mna nini. Lakini nilikuwa nimepika dawa ya tini na unga wa kiberiti, lile jiwe la njano, inanuka vibaya, nikasema nitafunga kidogo tu nimpake. Mara kitasa kikatikiswa.

"Hodi! Mmelala?" Mama Yakimu.

Shelamsi akavuta shuka mpaka shingoni. Nikafungua. Mama Yakimu akaangalia mlango kwanza, halafu mimi, halafu mtoto kitandani kajifunika, uso mwekundu.

"Mchana, Zibia?"

"Kuku," nikasema. "Kuku wanasumbua."

Hakuna hata kuku mmoja aliyekuwa karibu.

Kislevu 4

Mvua kutwa. Kinu kimelala. Menahemu anapiga kelele kwa mawingu.

Kislevu 7

Birika tena. Siwezi kusema homa mara mbili, watu watasema mtoto ni mgonjwa, wataanza kuuliza mgonjwa wa nini. Nilifikiri njia nzima. Mama Yakimu aliponiuliza yuko wapi, nikasema kwa urahisi tu, nikikunja nguo zangu, "Hazijafika siku zake mwezi huu. Ile homa imemvuruga."

"Aa," akasema Mama Yakimu.

Akanisimamia mimi. Nilipotoka majini akasema "nimeona," lakini hakunipa mkono nipande ngazi.

Kislevu 12

Kisimani leo wamenyamaza nilipofika. Mimi, ambaye wakiniona huwa wananiambia, "Haya Zibia, tuchekeshe." Nimejaza mtungi na kuondoka. Labda ni baridi.

Kislevu 15

Sio baridi.

Asubuhi alikuja Hulda, mke wa mwoka mikate, jirani wa ukuta mmoja. Akaketi bila kukaribishwa, akaanza kuchezea pindo la nguo. "Zibia, mimi na wewe tumetoka mbali. Niambie mimi tu. Ni ya nani?"

"Nini ni ya nani?"

"Mimba."

Nikacheka. Haki ya Mungu nilicheka, nikadhani ni utani. Kisha nikamwona Hulda hacheki, na yote yakanijia kwa mpigo, la homa na la siku ambazo hazikufika na la mlango uliofungwa mchana na msichana kajifunika shuka. Nimeyasema kwa mdomo wangu moja moja, nikawapangia hadithi, wao wakaimalizia.

"Hana mimba," nikasema.

"Sawa."

"Hulda, naapa kwa kaburi la mume wangu."

"Sawa, Zibia. Nimesema sawa." Akainuka. Mlangoni akageuka, ana machozi. "Mama Yakimu hajala tangu jana. Angekuwa wangu ningemficha kama wewe. Simlaumu mtu."

Mke wa mtu, maana posa ni ndoa, ana mimba isiyo ya mumewe. Sihitaji kuandika anachofanyiwa kwa mawe. Wazee wakikaa, wanaamua.

Ninaye mtoto mwenye doa ambaye kijiji kinamwona malaya, na siwezi kumtoa kwenye hilo bila kumtumbukiza kwenye hili.

Kislevu 16

Menahemu ameambiwa kinuni, mbele ya wakamuaji. Alipanda ngazi hajanawa, mafuta mpaka viwikoni. Nilijiweka mbele ya mtoto. Katika miaka yote sijawahi kumwogopa kaka yangu, leo nilimwogopa.

"Sogea, Zibia."

"Sisogei. Mwangalie mgongo kwanza, hilo ndilo nililoficha. Shelamsi, mwonyeshe baba yako mgongo."

Akageuka, akashusha nguo begani. Menahemu alilitazama lile doa. Kisha akakaa chini, pale pale, akafunika uso kwa mikono yake ya mafuta.

"Basi hana mimba," akasema. "Ee Mungu asifiwe, hana mimba." Na akaanza kulia, kwa furaha au kwa nini sijui, na Shelamsi naye akamkumbatia kichwa. Nilimdhania jiwe yule mtu. Sikuwahi kumjua.

Tuliongea mpaka taa zikawashwa. Shelamsi akasema tuseme ukweli. Menahemu akasema, "Mama, mafuta ya kijiji kizima yako chini hapo mitungini. Nikisema, nimewamwagia wote. Na wewe nitakuona kwa mbali tu, nikikuachia mkate juu ya jiwe." Akasema mimba ambayo haipo itajikanusha yenyewe, masika yakifika tumbo halionekani, wataona haya na kuomba radhi. Doa halijikanushi. Tunyamaze tu, tustahimili maneno.

Mimi ndiye niliyesema, "Kweli kabisa."

Kislevu 18

Mtu kaweka ukwato wa punda mlangoni kwetu, alama ya nyumba ya malaya. Nimeutupa kabla Shelamsi hajauona.

Kislevu 21

Vigae vikubwa vimebaki vinne. Nachukua kimoja.

Yakimu alikuja alasiri, mvua ikinyesha, pamoja na Mzee Yedaya na mchonga mawe mwenzake mmoja. Watu wawili pamoja naye, mashahidi. Nilipoona ni wawili nilijua ni talaka. Mimi na Shelamsi tulikuwa nyuma ya pazia la ghala, maana wanaume wakija kwa jambo hatukai mbele.

Menahemu akawakaribisha waketi. Yakimu akakataa kwa adabu. Alikuwa na lile vumbi bado kwenye kope, mvua imelifanya matope.

"Baba," akasema, "sikuja kugombana. Sitampeleka mbele ya wazee. Sitauliza ni nani. Nimewaza sana." Akageuka kuwatazama mashahidi wake. "Nampa talaka hapa ndani, mbele ya hawa wawili, na hawatasema. Watu wakiuliza, nitasema mimi ndiye niliyebadilika. Waniseme mimi. Hakuna atakayemgusa."

Mtoto wa watu. Anaamini kadanganywa, na bado amekuja kumfunika aliyemdanganya. Aibu yote anajitwika yeye.

Na anajua ukoo wake. Anajua akimpa hati ya talaka hawezi kumrudisha tena, hata masika yakija bila tumbo, hata malaika wakiapa. Mimi nilijua pia. Menahemu alijua. Sote tulisikia mara mia kwa mama yake. Tulihesabu wangeahirisha harusi, hatukuhesabu huruma.

Shelamsi akaruka. Alikuwa ameshafungua mdomo, nusu ya jina lake imetoka, "Yaki—", na mimi nikamshika. Mkono mmoja kiunoni, mmoja mdomoni. Aliniuma. Aliniuma mpaka damu, na sikumwachia. Machozi yake yalipita kwenye vidole vyangu, ya moto. Kaka yangu alitazama upande wa pazia. Alifungua mdomo, akatazama mitungi iliyojipanga ukutani, ya Hulda, ya jirani, ya wajane wa bondeni, akaufunga.

Yakimu aliweka hati mkononi mwa Menahemu. Alisema, "Mwambieni sikuwahi kumchukia." Wakaondoka.

Nilipomwachia mdomo hakupiga kelele. Alijifuta damu yangu kwa mkono.

"Ningemwambia," akasema. "Neno moja tu."

Nilidhani naokoa mtoto. Nilikuwa nimemziba pumzi.

Kislevu 22

Hasemi nami.

Kislevu 23

Hasemi nami. Yakimu ameenda Seforisi kwenye ujenzi, kalala huko huko. Kijiji kinamtukana kwa kumwacha msichana kabla ya harusi, kama alivyotaka.

Kislevu 26

Jioni ya kuamkia Sabato birika hujaa. Nilikuwa jikoni nafunika chungu, nikaona mkeka wa Shelamsi hauna mtu. Nikakimbia bila shela.

Wanawake walikuwa wote pale. Shelamsi alikuwa katikati yao, kila mtu kampisha. Alikuwa anazungumza na Mama Yakimu, kwa heshima kabisa.

"Mama, si wewe unayenisimamia majini? Mara mbili sikuja. Sasa siku zangu zimekwisha, nisimamie leo."

"Mimi si mama yako tena," akasema Mama Yakimu, sauti ndogo.

"Nisimamie tu."

Akavua nguo zote. Tumbo bapa kama meza. Akalionyesha kila upande, kama anayeuza mwanakondoo sokoni. Kisha akawageuzia mgongo, akashika nywele juu, kama anavyonishikia mimi asubuhi.

"Hili ndilo nililoficha. Sina lingine."

Walipiga yowe wakarudi nyuma wakivuta watoto wao. Mmoja akaacha viatu. Hulda alilia na kukimbia kwa pamoja. Ngazi zikawa tupu, tumebaki watatu, mimi juu, mtoto majini, na Mama Yakimu ngazini, shela amebana kwa meno kama mtu aliyekuwa anakimbia akasahau.

"Zibia," akasema bila kunitazama. "Ni hili tu?"

"Ni hili tu."

"Na mwanangu kamwacha kwa hili?"

Shelamsi akazama. Maji yalimfunika, nywele zikasambaa juu, kisha zikaingia nazo. Mama Yakimu, mwanamke ninayemcheka toka nilipomjua, hakukimbia. Aliinama mpaka pindo lake likalowa, akaangalia vizuri. Mtoto alipoinuka akasema, kwa sauti ya kila siku, "Nimeona. Zimezama zote."

Akavua shela lake, akamfunika nalo lile bega.

Kislevu 28

Sabato ilipokwisha tulienda kwa Mzee Yedaya, wote wanne, Menahemu akiburuta miguu, Mama Yakimu mbele. Njiani watu walitupisha.

Mzee hakututaka ndani. Alimsimamisha Shelamsi mlangoni kwenye mwanga, akakaza macho. Akagusa ukingo wa doa kwa kijiti. Akatafuta unywele mweupe, hakuuona. Akauliza lina muda gani, linauma, limeingia ndani ya ngozi? Nikajibu yote.

"Hili ni baka tu," akasema. "Weupe uliofifia. Limeandikwa katika Torati, linajulikana. Huyu ni safi. Angekuwa safi hata angekuja siku lilipotoka, nisingemtenga hata siku moja."

Menahemu akasema "Asifiwe" akapiga magoti. Hapo ndipo mzee alipoelewa ni nini kilichofanyika siku ile ya hati. Nilimwona anaelewa. Kijiti kikamtoka mkononi.

"Mimi ndiye niliyesimama shahidi," akasema. "Mkono wangu huu." Akageuka kwangu. "Kwa nini hamkuja?"

"Wewe ni baba yake mkubwa, Mzee. Tuliogopa ndugu watajua."

"Mwanamke wee, ndiyo maana ningenyamaza! Angekuwa wa kwetu. Nani anatangaza ya nyumbani kwake?"

Shelamsi akauliza jambo moja tu. "Mzee, ile hati. Hakuna njia?"

Yedaya alikaa kizingitini kwake. "Angekuwa mkulima, angekuwa mwuza samaki, kesho ningewafungia posa upya mimi mwenyewe," akasema. "Ni kuhani, binti yangu. Aliyeachwa hatumchukui. Hata tukiwa sisi ndio tuliokosea."

Kurudi, Mama Yakimu alimshika mkono njia yote. Mimi nilitembea nyuma. Wangu hakuna aliyeushika.

Tebethi 3

Watu wamekuja mmoja mmoja na sahani. Tini, jibini, mkate wa asali. Hulda kaleta mwanakondoo mzima. Mafuta ya kila mtu ni safi, Menahemu anasifiwa kote. Shelamsi anawapokea, anasema asante. Anapokuwa amekaa namtazama mdomo, nakumbuka meno yake.

Tebethi 5

Kasema nami. Kasema, "Chumvi iko wapi." Nimeenda juu nikalia.

Tebethi 9

Kigae cha mwisho kikubwa. Ni chini ya mtungi, kina umbo la sahani.

Zeituni zimeisha. Gogo la kukamulia limeinuliwa, kinu kimesuguliwa. Leo ndiyo siku iliyokuwa ya kuhamia.

Yakimu alirudi kutoka Seforisi asubuhi. Mama yake alimtumia habari. Alikuja moja kwa moja, mfuko bado begani, akasimama nje ya mlango wetu. Hakuvuka kizingiti. Shelamsi alikuwa anafagia. Akasimama na ufagio.

"Nimeambiwa," akasema Yakimu.

"Ndiyo."

"Ungeniambia ningelificha mimi. Ningelificha mpaka kufa."

Nilikuwa kwenye ngazi. Nikashuka. Nilitaka kumwambia ni mimi, ni mkono huu, kovu bado liko, na nilikuwa nimeshafungua mdomo. Shelamsi hakunitazama. Alinyoosha kiganja chake nyuma kidogo, kama unavyomzuia mtoto asikaribie moto.

"Niliogopa," akamwambia. "Nisamehe."

Kanifunika. Baada ya yote yale, mtoto huyu amenifunika mimi.

Yakimu alitikisa kichwa. Akafuta kope, vumbi halikuwepo. "Nitakuwa napita hapa kwenda machimboni," akasema. "Kila siku. Njia ni hii tu."

"Najua njia."

"Nitasalimu tu."

"Salimu," akasema Shelamsi. "Nitaitikia."

Akaenda. Shelamsi akamaliza kufagia. Mchana mvua ikaanza, ile ya upande, ikawa inaingia ndani, inalowesha mkeka na magunia. Nikainuka nifunge mlango.

"Uache, Shangazi," akasema.

"Maji yanaingia."

"Yaache yaingie. Hatuna cha kuficha tena."

Nikauacha. Tukaketi wote wawili tukiangalia njia, maji yakitufikia miguuni.